Mgeni Asiyepewa Jembe

Kazi ya kulea wazee ndiyo iliyonilea mimi huko Marekani. Nyumbani ikitajwa watu hutania, "fulani yuko Minnesota anaosha wazee," na kweli nimeosha. Watanzania na Wakenya wengi wa kule tumepita mlango huohuo: unasoma kozi fupi, unafanya mtihani wa vitendo mbele ya msimamizi, unapata cheti cha muuguzi msaidizi, na muda si mrefu umevaa sare na viatu vya soli laini unakimbizana na kengele za vyumbani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inataka mafunzo yasiyopungua saa 75. Saa hizo zinatosha kukufundisha kumgeuza mtu kitandani bila kumuumiza, kumwogesha upande mmoja huku upande mwingine umeufunika kwa taulo asisikie baridi wala aibu, na kumkalisha kwanza ukingoni mwa kitanda kabla hajasimama, maana presha ya mzee inaweza kushuka ghafla akinyanyuka, na hapo ndipo watu huanguka wakavunjika nyonga. Mengine unafundishwa na wazee wenyewe.

Mahali nilipokaa muda mrefu zaidi palikuwa kijiji cha wastaafu nje kidogo ya Minneapolis. Majengo kadhaa yameunganishwa kwa korido zilizofunikwa, kwa sababu ya theluji. Jengo la kwanza ni la wanaojitegemea: mtu ana jiko lake, gari lake, funguo zake. La pili ni la wanaosaidiwa dawa na kuoga. La tatu mlango wake hufunguliwa kwa namba, ni la wenye ugonjwa wa kusahau. La mwisho ni vitanda vya wanaohitaji muuguzi usiku na mchana. Mtu huingia akiwa na miaka sabini na kitu, anacheka na wenzake, anacheza karata, halafu mwaka hadi mwaka anasogezwa. Hakuna aliyelisema kwa sauti, lakini kila mkazi alijua kwamba korido ile ni ya kwenda tu.

Ndiyo maana ugomvi mkubwa niliouona pale haukuwa wa chakula wala wa pesa. Ulikuwa wa vile vigari vya kushikia wakati wa kutembea. Pale ukumbini, saa ya chakula cha jioni, utavikuta vimepangwa nje karibu na makoti kama baiskeli sokoni, wenyewe wameingia ndani wakishikilia ukuta, viti, na mabega ya watu. Daktari amemwambia asiende hatua moja bila hicho kigari, yeye anakiacha mlangoni. Kwa nini? Kwa sababu ukionekana nacho mezani, wale wa jengo la kwanza wataanza kuhesabu miezi iliyobaki kabla hujahamishwa la pili. Kuna bibi mmoja aliyekuwa akikaa meza moja na marafiki zake watatu tangu alipofika. Alipoanza kutetemeka mkono na kumwaga supu, hakufukuzwa, ila siku moja alikuta kiti chake kimekaliwa na mtu mwingine na watu wote wanatazama sahani zao. Baada ya hapo akawa anaomba apelekewe chakula chumbani, akala nusu, kisha robo. Kwenye karatasi tulijaza "anapungua uzito". Hiyo karatasi haikuwa na mahali pa kuandika kiti.

Nilizoea kusikia kwetu kwamba Wazungu wanatupa wazee wao. Nitasema nilichokiona. Nimeona watoto wasiokanyaga pale isipokuwa Krismasi, na nimeona mwanaume mwenye mvi zake mwenyewe akija kila jioni baada ya kazi kumlisha mama yake aliyekwisha kumsahau jina. Nimeona pia hesabu. Bima ya serikali ya wazee, Medicare, inayoanza mtu akifika miaka 65, hulipia hospitali na madaktari, na ukitoka hospitali inaweza kulipia uuguzi wa kituoni hadi siku 100. Lakini haimlipii mzee kuishi tu mahali anapoogeshwa na kuvalishwa kwa miaka. Hilo ni la mfukoni, na ni maelfu ya dola kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba inauzwa. Akiba ikikauka ndipo Medicaid, msaada wa watu wasio na uwezo, huchukua mzigo. Mtu aliyejenga, akapaka rangi, akalea watoto wanne mle ndani, anafika kwetu na kiti kimoja cha kuegemea, saa ya ukutani, na maboksi ya picha.

Nje ya kila mlango wa jengo la tatu kulikuwa na kisanduku cha kioo. Familia iliombwa iweke vitu vitakavyomsaidia mzee atambue chumba chake: picha ya harusi, medali ya jeshi, kiatu cha mtoto. Vilimsaidia mzee, lakini mimi naamini vilitusaidia sisi zaidi. Ukishamwona mtu amesimama mbele ya darasa lake mwaka 1958, kidole kimenyooshwa ubaoni, ni vigumu kumwita "chumba namba fulani", na ni vigumu kumvuta mkono anapochelewa kunyanyuka.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliwapa majina yetu. Kuwaita watu wenye umri wa bibi zetu kwa majina yao ya kwanza, kama ilivyo desturi ya kule, kulitushinda ulimi. Basi kati yetu, kwa Kiswahili, kulikuwa na Mzee wa Reli, Bibi Asante, Mama Vitambaa. Si heshima kubwa, najua, lakini kila jina lilikuwa limebeba jambo moja la kweli juu ya mtu.

Mzee wa Reli alikuwa ametumikia treni za mizigo maisha yake yote ya kazi. Kila alfajiri, kabla shifti ya usiku haijaisha, alikuwa tayari koridoni: kofia kichwani, viatu vimefungwa kamba, anasukuma ule mlango wa namba. Anataka kwenda kazini. Unamwambia, mzee, umestaafu. Anakutazama kama unayemtukana. Unamrudisha chumbani, anatoka. Unamrudisha tena, anapandisha hasira, anarusha ngumi, na sisi tunaandika "fujo za alfajiri", na daktari akisoma vile anaongeza dawa ya kumtuliza. Dawa ile ilimtuliza kweli, mpaka akawa anasinzia kwenye uji na kuyumba akitembea.

Dada mmoja wa Kisii ndiye aliyelitatua. Alichukua ubao wa kushikia karatasi, akachora kwa mkono orodha: mlango wa mashariki, mlango wa jikoni, taa ya koridoni, dirisha la sebule, kizima moto. Pembeni akaacha nafasi ya saa na ya sahihi. Mzee alipotokea alfajiri na kofia yake, yule dada akampa ubao na kalamu, akamwambia, "Tafadhali tukague kabla shifti haijabadilishana." Nilikuwepo. Alivaa miwani. Alisoma orodha yote kimya, akageuza karatasi aone kama nyuma kuna kitu, kisha akaenda mlango wa kwanza, akajaribu kitasa mara mbili, akatazama saa yake ya mfukoni, akaandika. Kwenye kizima moto alikaa muda mrefu kuliko sisi wote tulivyowahi kukitazama, halafu akatuambia mshale wa presha umeshuka. Ulikuwa umeshuka kweli. Alipomaliza alitia sahihi, akaturudishia ubao, akaenda kunywa kahawa. Ngumi zilikwisha. Baada ya muda daktari akaipunguza ile dawa, na hata mwendo wake ukawa bora.

Watu wakisimuliwa habari hii husema "mlimdanganya vizuri". Mimi siioni hivyo. Milango ilihitaji kukaguliwa, na yeye alijua kukagua.

Bibi Asante yeye alinifundisha jambo la kitabibu kabisa. Alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Ukimletea maji asante, ukimsogezea pazia asante, ukimvua soksi asante. Jioni moja nikamkuta anatukana, matusi ya bandarini, na anamwonyesha mwenzangu watoto wamekaa juu ya pazia. Mwenzangu alikuwa mgeni pale, ametumwa na wakala kwa shifti moja, akasema ndivyo walivyo, akili inakwenda. Binti wa Bibi Asante alipopigiwa simu akaanza kulia: mama amefika huko. Mimi nilikwenda kwa muuguzi nikamwambia huyu si yeye. Jana alikuwa mzima, leo hayupo. Kusahau hakuji kwa usiku mmoja. Mkojo ukapimwa, ukakutwa na maambukizi. Mzee mwenye maambukizi ya mkojo anaweza asiwe na homa wala asilalamike kuungua, ila akachanganyikiwa tu, ghafla, kwa saa au siku chache. Akapewa antibayotiki na maji ya kutosha, na kabla wiki haijaisha nikamletea chai akasema asante.

Ningependa kila mwenye mzee nyumbani alishike hili hata kama mengine yote atayasahau: mabadiliko ya ghafla si uzee, ni ugonjwa, na unaweza kuwa unatibika. Inaweza kuwa mkojo, kichomi, upungufu wa maji, sukari, choo kigumu, dawa mpya, kiharusi. Kwa hiyo hospitali, siku hiyohiyo. Lakini utayajuaje mabadiliko kama humjui mtu? Yule mwenzangu hakuwa mjinga. Alikuwa anamwona bibi anayetukana kwa mara ya kwanza, na vibibi vinavyotukana vipo.

Mama Vitambaa alikunja vitambaa vya mezani. Baada ya kifungua kinywa alikaa na kapu, akavikunja pembe tatu, vyote vya chakula cha mchana, vidole vimepinda kwa baridi yabisi lakini mikunjo imenyooka. Akaja meneja mpya, akasema mkazi halipi pesa zote hizi ili afanye kazi, na isitoshe kuna suala la usafi na bima. Kapu likaondolewa. Akapewa bingo. Sina ugomvi na bingo, wapo waliopenda, lakini mama yule alikaa na kadi yake mbele bila kuweka alama hata moja, na mwishoni mwa mwezi alikuwa anashinda kitandani. Wasichana wa shifti ya usiku wakaanza kumpelekea taulo za kukunja chumbani kwake kimyakimya. Alizikunja zote.

Nilipojiendeleza kusomea uuguzi kamili, nikakuta darasani habari ya utafiti wa mwaka 1976 wa Ellen Langer na Judith Rodin, kwenye nyumba moja ya wazee huko Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba mambo yao yako mikononi mwao: wapange vyumba vyao wapendavyo, waseme wasiporidhika, na kila mmoja achague mmea wa kuutunza mwenyewe. Wa ghorofa nyingine nao walipewa mmea, ila wakaambiwa wauguzi watautunza, kama watakavyowatunza wao. Wiki chache baadaye wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na wenye furaha zaidi. Watafiti waliporudi baada ya miezi 18 walikuta pia waliokufa upande wao ni wachache, ingawa baadaye walisahihisha hesabu yao na tofauti ile ya vifo haikuwa nzito kama walivyoitangaza mwanzo. Wenzangu darasani walibishana kuhusu takwimu. Mimi nilikuwa nafikiria kapu.

Halafu kuna Wamarekani walioukimbilia uzee kwa makusudi. Tarehe 1 Januari 1960 mjenzi aitwaye Del Webb alifungua Sun City jangwani Arizona, mji wa wastaafu wenye uwanja wa gofu na bwawa la kuogelea, na inasemekana watu kama 100,000 walikwenda kuuona wikiendi hiyo ya kwanza. Hadi leo sheria yao inaruhusu mitaa ya namna hiyo kukataa familia zenye watoto, mradi angalau asilimia 80 ya nyumba ziwe na mtu wa miaka 55 au zaidi. Tulikuwa na mume na mke waliotoka miji kama hiyo, wamerudi baridini kwa sababu mke ameugua. Mume alisema miaka yao kule ilikuwa kama likizo ndefu, kila siku ina klabu: ya kuchonga mbao, ya kucheza dansi, ya kwaya. Nikamuuliza alichokosa. Akasema kelele za watoto, na mtu wa kumfundisha kuchonga mbao.

Mwaka 2020 ulipofika, tarehe 13 Machi, serikali yao ikaagiza vituo vya wauguzi vifunge milango kwa wageni. Hapo sitakaa sana. Tuliwaona watu wakipunga mikono nyuma ya vioo, na tuliwapoteza wengi, na si wote waliuawa na virusi.

Sasa nyumbani.

Mama yangu ni mwalimu. Aliingia kwenye ualimu enzi za UPE, msichana mdogo, wakati nchi inataka kila mtoto aende shule na walimu hawatoshi, na akafundisha shule za wilaya ya Muheza mpaka akafika miaka 60. Pale mjini Muheza hana jina lingine. Dereva wa bodaboda, muuza machungwa, afisa mtendaji, wote ni "Shikamoo Mwalimu", na nusu yao aliwachapa. Alikuwa mweka hazina wa vicoba, mzee wa kanisa, na mtu wa kuandikiwa barua na wasiojiweza kalamu.

Baba alipofariki, na presha ya mama ikamlaza siku chache, kaka yangu akamchukua Dar es Salaam. Nataka nimtendee haki kaka: alimchukua kwa mapenzi. Nyumba ya ghorofa Mbezi, geti, chumba chenye kiyoyozi, dada wa kazi, televisheni ya ukuta mzima. Mama akiinuka kuosha kikombe, dada wa kazi anakimbia kumpokonya. Akishika ufagio, mkwe anasema, "Mama, kaa, jamani, utatuletea laana." Kadi yake ya benki, ile ya pensheni, ikahifadhiwa na kaka ili asisumbuke kupanga foleni. Kila kitu aliletewa.

Nilikuwa nikipiga simu ya video, naona dari. Kisha kidevu. "Mama, leo umefanya nini?" "Nimekaa." Kesho yake, "nimekaa". Akaanza kusinzia mchana na kukesha usiku. Akawa anajibu maswali kombo, unamuuliza habari za kanisa anakuambia ameshakula. Mkwe akaninong'oneza kwamba wanadhani ameanza kusahau. Kaka akasema ni uzee, tukubali.

Nilikuwa nimeshayaona hayo yote, ila kwa Kiingereza. Niliomba likizo nikaenda.

Hakuwa anasahau. Masikio yalikuwa yameziba nta, yote mawili. Yalisafishwa hospitali kwa dakika chache na nusu ya "kusahau" ikaishia pale. Nusu nyingine ilikuwa maji. Choo anachotumia kiko chini, yeye analala juu, na ngazi zinamtisha usiku. Kwa hiyo tangu saa kumi jioni hanywi kitu. Kiu ya mzee nayo hupungua yenyewe, na jiji lile joto lake mnalijua. Mtu mkavu namna ile lazima azubae. Na miguu, iliyokuwa ikipanda vilima vya Magila kila Jumapili kwenda kanisani, ilikuwa imelegea kwa kukaa. Misuli ya mtu wa umri wake ikikosa kazi hata wiki chache, kuirudisha ni kazi ya miezi.

Lakini lililobaki halikuwa la daktari. Usiku mmoja tumekaa wawili, akaniambia: "Mwanangu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi hapa siku ya tatu haifiki."

Asubuhi nikazungumza na kaka. Sikuanza na utafiti wa Connecticut.

"Kaka, mpe mama kazi."

"Mdogo wangu, unataka majirani waseme nini? Kwamba nimemleta mama mjini nimfanye dada wa kazi?"

"Majirani hawamuuguzi."

"Wewe umezoea mambo ya Wazungu. Sisi hapa mzee anapumzika."

Ilinishangaza, maana meneja yule wa Minnesota alikuwa amesema maneno hayohayo. Bima na usafi kule, laana na majirani huku, na kapu linaondoka vilevile. Bibi yetu sisi, mama yake mama, alikufa kiunoni ana kipande cha kamba cha kufungia kuni, na hakuna aliyesema ananyanyaswa. Hii habari ya kwamba heshima ni kumketisha mtu nadhani tumeipata pamoja na mageti.

Tulianza na kadi. Nilimwambia kaka kwamba pensheni ndogo iliyo mkononi mwa mwenyewe ni kauli. Zanzibar walipoanza mwaka 2016 kuwalipa pensheni ya kila mwezi wazee wote wa miaka 70 na zaidi, hata ambao hawakuwahi kuajiriwa, ilikuwa shilingi 20,000. Ni kidogo, lakini bibi mwenye elfu ishirini yake humnunulia mjukuu daftari bila kumwomba mtu. Kaka alirudisha kadi siku hiyohiyo, tena kwa haya. Nadhani hakuwa amelifikiria hata kidogo. Mama aliiweka kwenye pochi, akaiweka pochi kwenye mkoba, akaubeba mkoba mpaka mezani.

Kurudi Muheza kulichukua muda. Kaka aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kijinga: pale ni mbali naye, na mama akianguka usiku nani atajua? Tukakubaliana mjukuu wa shangazi, binti anayesoma chuo mjini hapo, akae naye bure, chakula bure. Tukafunga nguzo za kushikia chooni na taa njia ya kwenda huko. Mikeka yote inayoteleza ikatolewa. Dawa zikapangwa kwenye kisanduku cha siku saba, na muuguzi jirani anampima presha. Kila likizo ya shule mama anakuja Dar, akiwa na tarehe ya kurudi mfukoni.

Presha haijapona. Goti linamsumbua kila masika, na kuna Jumapili Magila anapaona mbali. Vicoba walikuwa wameshachagua mweka hazina mwingine. Wakampa kazi ya kukagua vitabu, ambayo ni mbaya zaidi kwao, maana hakuna senti inayompita. Jioni kuna watoto wa majirani barazani wanasoma kwa sauti, na ninapopiga simu husikia kwanza mtu anakosolewa matamshi.

Tumebakisha ugomvi mmoja, wa jiko. Kaka anataka mama apikiwe na binti tu, mama anataka mkaa wake. Mimi niko upande wa gesi, na wote wawili wamenikasirikia.

Siku za mwisho nilizokuwa naye niliandika karatasi moja juu yake, kama tulivyofanya kwa wakazi wapya kule kazini, ili siku ikifika ya kuogeshwa na mtu asiyemjua, mtu huyo awe na pa kuanzia. Anaitwa Mwalimu, si Bibi. Anaoga jioni, maji ya vuguvugu, mgongo kwanza. Chai bila sukari, maziwa ya moto. Uji wa ulezi asubuhi. Redio iwashwe saa mbili usiku kwa taarifa ya habari, na mtu asiongee. Sikio la kushoto husikia vizuri zaidi. Asivalishwe gauni bila kitenge juu. Nikampa asome.

Alitafuta miwani, kisha akatafuta kalamu nyekundu. Alikata uji wa ulezi: "Hamkuwahi kuniuliza. Ninyi ndio mliokuwa mnaupenda." Akasahihisha herufi kubwa mahali pawili. Chini kabisa akaongeza kwa mwandiko wake wa ubaoni kwamba muuguzi yeyote atakayeletwa asome karatasi hii kwa sauti mbele yake kwanza, ili yeye apime kama anajua kusoma, kisha akanipa alama 60 kwa 100.